Jinsi ya kupima SOR bila kuichanganya na SOD: mwongozo kamili wa maabara

Makosa mawili hurudi kila mara. La kwanza: mtu anachukua kipimo cha kawaida cha SOD (superoksaidi dismutesi) kinachotumia saitokromu c, protini inayobadilika rangi ikipokea elektroni ya superoksaidi, anatia SOR (superoksaidi ridaktesi), anaona rangi inachelewa kubadilika, kisha anaandika kwamba kimeng'enya chake kina nguvu ya SOD. La pili: anapima SOR vizuri, anaongeza SOD yuniti 100 kwa mililita ili athibitishe kuwa superoksaidi ndiyo inayofanya kazi, na SOR inaendelea kuoksidishwa kana kwamba hakuna kilichoongezwa. Anatupa data nzuri.

Mkono haujakosea popote hapo. Kilichokosekana ni hesabu ya nani anamwahi nani kwenye superoksaidi, yaani oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada. Mwongozo huu unafuata hesabu hiyo kuanzia kutayarisha protini hadi kuunganisha mnyororo wa elektroni kutoka NADPH, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli.

## Unachopaswa kukijua kabla ya kushika pipeti

SOD, yaani superoksaidi dismutesi, hula superoksaidi mbili: moja hugeuka oksijeni, nyingine hugeuka haidrojeni peroksaidi. Haihitaji elektroni kutoka nje, kwa sababu inachokipata kwa ya kwanza inakitoa kwa ya pili.

SOR, yaani superoksaidi ridaktesi, hula moja tu. Inaipa elektroni moja, protoni mbili zinaingia, na inatoka haidrojeni peroksaidi peke yake. Oksijeni haizalishwi. Kwa bakteria asiyependa oksijeni, kama Desulfovibrio vulgaris au Desulfoarculus baarsii, hiyo ni faida ya wazi: anaondoa superoksaidi bila kujizalishia oksijeni, ambayo nayo ni sumu kwake.

Kazi hiyo inafanyika kwenye ayoni moja ya chuma inayoitwa Kituo II. Imezungukwa na naitrojeni nne za histidini (asidi amino ya protini hiyo, kama zilivyo sisteini na glutamati zinazofuata) kwenye mzunguko, na salfa ya sisteini upande mmoja. Upande wa pili uko wazi chuma kikiwa Fe2+, na ndipo superoksaidi inapopigia hodi. Chuma kikishatoa elektroni kikawa Fe3+, glutamati inakuja kuziba nafasi hiyo, na protini inapata rangi ya samawati-kijani yenye kilele karibu na nanomita 644. Rangi hiyo ndiyo mita yako.

SOR za aina ya Desulfovibrio zina chuma cha pili, Kituo I, kilichoshikwa na sisteini nne kama ilivyo kwenye rubredoksini, protini ndogo ya chuma inayobeba elektroni. Chenyewe hakigusi superoksaidi. Kikiwa Fe3+ kina rangi ya waridi, na kilele chake ni nanomita 502. SOR ya Treponema pallidum haina chuma hiki, kwa hiyo usitarajie waridi ukiifanyia kazi hiyo.

Namba tatu za kukumbuka, zote za kukadiria: SOR hukamata superoksaidi kwa kasi ya 10⁹ kwa mola kwa sekunde, SOD ya shaba na zinki kwa 2×10⁹, na saitokromu c kwa 2.6×10⁵ tu. Matatizo karibu yote ya kipimo hiki yanatoka kwenye namba hizo.

## Vifaa na kemikali

Kipimo hapa ni kuveti ya mililita 0.5 yenye njia ya mwanga ya sentimita 1, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi.

- Spektrofotomita inayosoma wigo mzima wa nanomita 300 hadi 800. Inayosoma urefu mmoja tu wa mawimbi itakutosha kwa nusu ya kazi.
- Bafa: potasiamu fosfati milimola 50, pH 7.6, yenye EDTA milimola 0.1.
- SOR safi. Kwa jaribio moja unahitaji nanomoli 20, yaani takriban miligramu 0.28 kwa SOR yenye uzito wa kilodaltoni 14 kwa kila mnyororo wa protini.
- Zanthini milimola 10, iliyoyeyushwa kwa sodiamu haidroksaidi milimola 20. Kwenye maji matupu haiyeyuki ipasavyo.
- Zanthini oksidesi ya maziwa, kimeng'enya kitakachotuzalishia superoksaidi kutoka kwa zanthini na oksijeni.
- Saitokromu c ya moyo wa farasi, milimola 1.
- Katalesi yuniti 50,000 kwa mililita, ya kuondolea haidrojeni peroksaidi.
- SOD ya ng'ombe ya shaba na zinki, miligramu 10 kwa mililita, pamoja na albumini ya ng'ombe ya kiwango hichohicho.
- Sodiamu askobati milimola 100, ya leo.
- Potasiamu heksakloroiridati, K2IrCl6, ya leo.
- Kolamu ndogo ya jeli ya kuondolea chumvi.
- Kwa hatua ya mwisho: NADPH, rubredoksini, na kimeng'enya cha mchicha kinachohamisha elektroni kati ya feredoksini na NADP, ambacho tutakiita FNR.

Usiweke azidi wala sianidi kwenye bafa yoyote, hata kama kihifadhi. Zote zinashika ile nafasi wazi ya Kituo II. Ferisianidi nayo iache rafuni: ni kioksidishi kizuri kwa protini nyingine, lakini hapa mabaki yake, ferosianidi, yanajishikiza kwenye Kituo II na kuharibu wigo. Ndiyo maana tunatumia iridati.

## Hatua ya 1: Anza na SOR yenye elektroni, na kemikali iliyoipa elektroni iwe nje

Changanya SOR na askobati mara tano ya kiasi chake kwa moli, subiri dakika tano, kisha pitisha yote kwenye kolamu ya jeli iliyolowanishwa kwa bafa.

Askobati inachaguliwa kwa sababu ya volteji, yaani nguvu ya kila kituo kuvuta elektroni. Kituo II kiko karibu na milivolti +250, kwa hiyo askobati inakijaza elektroni. Kituo I kiko karibu na sifuri, askobati haikifikii, kinabaki Fe3+ na waridi yake. Unapata protini yenye elektroni moja tu ya kutoa, ambayo ni rahisi kuihesabu. Ditionaiti, kemikali inayotoa elektroni kwa nguvu zaidi, ingejaza vyote viwili, halafu yenyewe ikaanza kula oksijeni ya kuveti.

Usiruke kolamu. Askobati iliyobaki inakula superoksaidi, inaijaza SOR tena elektroni, na inabadilisha rangi ya saitokromu c bila msaada wa mtu.

Dalili ya mafanikio: protini ya waridi safi, kilele 502, na mstari tambarare kwenye 644. Ikiwa bado ina ukijivu, Kituo II hakijajaa elektroni, rudia. Huhitaji kabati lisilo na oksijeni hapa, maana Fe2+ ya Kituo II inavumilia hewa kwa saa kadhaa.

## Hatua ya 2: Hesabu chuma, si protini

Soma ufyonzaji wa mwanga kwenye 502. Gawanya kwa 4.4 kupata milimola. SOR ya mikromola 40 itasoma karibu 0.176.

Hiyo ni hesabu ya Kituo I. Kituo II huweza kuwa pungufu bila wewe kujua, hasa kama protini ilitengenezwa ndani ya E. coli iliyolishwa chuma kidogo. Kwa hiyo chukua sampuli ndogo, ongeza iridati kidogo kidogo hadi 644 isipande tena. Mgawo hapa ni 1.9, hivyo mikromola 40 kamili zinatoa ongezeko la 0.076. Ukipata 0.050, ujue ni theluthi mbili tu ya protini yako yenye chuma mahali pa kazi, na hesabu zako zote zinazofuata zitumie namba hiyo.

Iridati yenyewe ina rangi karibu na 490, haigusi 644. Ukiona hiyo 490 inaanza kupanda, umezidisha; simama.

## Hatua ya 3: Pima mtiririko wa superoksaidi, usiukadirie

Zanthini oksidesi haigeuzi kila elektroni kuwa superoksaidi. Kwenye hewa ya kawaida na pH hii, sehemu kubwa huruka moja kwa moja hadi haidrojeni peroksaidi. Anayepima asidi ya yuriki ambayo zanthini inageuka, na kuiita superoksaidi, anajidanganya.

Kwenye kuveti weka saitokromu c mikrolita 25 (mikromola 50), zanthini mikrolita 10 (mikromola 200), katalesi mikrolita 5, na bafa hadi ujazo. Anzisha kwa zanthini oksidesi, soma 550. Gawanya kasi kwa 21.1 kupata milimola kwa dakika.

Rekebisha kiasi cha oksidesi hadi upate ongezeko la 0.105 kwa dakika, ambalo ni mikromola 5 za superoksaidi kwa dakika. Andika mikrolita ulizotumia; ndizo utakazotumia kwenye hatua zinazofuata, siku hiyohiyo, chupa hiyohiyo. Oksidesi inachoka hata ikiwa kwenye barafu.

Kwa nini mikromola 50 za saitokromu c wakati kipimo cha kawaida cha SOD kinatumia 10? Kwa sababu kwa mtiririko huu mikromola 10 zinaisha ndani ya dakika mbili, na mstari unapinda kabla hujausoma.

Kuna mtego mdogo kwenye katalesi: chupa nyingi za kibiashara zina SOD kidogo iliyojichanganya. Ongeza katalesi maradufu. Kasi ya 550 ikishuka, tafuta chupa nyingine.

Dalili ya mafanikio: mstari ulionyooka kwa dakika tatu angalau, na unaozimika karibu kabisa ukiongeza SOD mikrolita 1. Hapa kiasi kidogo cha SOD kinatosha kwa sababu mpinzani wake, saitokromu c, ni wa polepole. Kumbuka jambo hili, litarudi.

## Hatua ya 4: Ioksidishe SOR kwa superoksaidi na soma 644

Toa saitokromu c, weka SOR mikromola 40. Vingine vyote vibaki vilevile: zanthini, katalesi, bafa. Sawazisha mashine, anzisha kwa oksidesi.

Kasi unayotarajia ni 5 mara 1.9, yaani 0.0095 kwa dakika kwenye 644. Katika dakika nane hivi utafika 0.076 na mstari utasimama. Piga wigo mzima kila dakika mbili.

Tazama umbo la mstari, maana linasema mengi kuliko namba. Kama SOR iko sawa, mstari unapanda ukiwa umenyooka hadi karibu na mwisho, halafu unakata kona ghafla. Hata ikibaki mikromola 1 tu yenye elektroni, bado inaiwahi superoksaidi kabla haijajimaliza yenyewe. Mstari unaopinda polepole tangu mwanzo unaonyesha kuna mla superoksaidi mwingine ndani: SOD ya E. coli iliyoponyoka kwenye usafishaji, au madini huru ambayo EDTA haikuyatosheleza.

Mambo mengine yanayoharibika hapa:

644 haipandi, ila 560 inapanda. pH yako ni kubwa mno. Karibu na pH 9 haidroksaidi inachukua nafasi ya glutamati, na rangi inahama. Pima pH ya kuveti yenyewe. Zanthini imeyeyushwa kwa haidroksaidi na ukizidisha mikrolita zake bafa inazidiwa.

644 inapanda, halafu wigo wote unafifia. Haidrojeni peroksaidi inakusanyika. Katalesi imekufa au umeisahau. Peroksaidi nayo inaoksidisha Fe2+ ya Kituo II, taratibu, na ikizidi inaiharibu protini moja kwa moja.

Mstari unasimama katikati. Rudi hatua ya 2. Mara nyingi umesimama pale hasa chuma kilipoishia.

Fanya jaribio la kulinganisha lisilo na zanthini, na jingine lisilo na oksidesi. Yote mawili yawe tambarare. Haya hayana mjadala.

## Hatua ya 5: Jaribio la SOD, kwa kiasi kinachostahili

Hapa ndipo wengi wanapokwama, basi tufanye hesabu pole pole.

SOD yuniti 100 kwa mililita, kwa chupa yenye yuniti 5,000 kwa miligramu, ni miligramu 0.02 kwa mililita. Kwa uzito wa kilodaltoni 32, hiyo ni mikromola 0.6. Zidisha kwa 2×10⁹: inapata nguvu ya kukamata ya 1,200 kwa sekunde. SOR mikromola 40 mara 10⁹ ni 40,000 kwa sekunde. Katika kila superoksaidi 100 zinazozaliwa, SOR inachukua 97. Bila shaka huoni tofauti!

Ili SOD ichukue nusu, unahitaji mikromola 20 hivi. Kwenye kuveti ya mililita 0.5 hiyo ni mikrolita 32 za chupa yako ya miligramu 10 kwa mililita. Ni kiasi cha kutisha kwa mtu aliyezoea vipimo vya SOD, lakini ndicho sahihi.

Pima kwa mikromola 0, 5, 10, 20 na 40 za SOD. SOD ya ng'ombe ina rangi yake ya kibluu kwa sababu ya shaba, hivyo sawazisha mashine upya baada ya kuiongeza na kabla ya kuanzisha. Kwenye jaribio la kulinganisha weka albumini kwa uzito uleule. Usitumie SOD iliyochemshwa: kimeng'enya hiki kinastahimili joto kupita kiasi, na baada ya dakika kadhaa za kuchemka sehemu yake inaweza kuwa bado inafanya kazi.

Tafuta kiasi cha SOD kinachokata kasi ya mwanzo nusu. Kisha:

kasi ya SOR = 2×10⁹ × (SOD ya nusu ÷ SOR)

Ukipata SOD ya nusu kuwa mikromola 20 kwa SOR 40, jibu ni 10⁹ kwa mola kwa sekunde. Ukipata jibu chini ya hapo mara kumi, usikimbilie kusema umegundua SOR ya polepole. Angalia kwanza ukamilifu wa Kituo II.

## Kwa nini saitokromu c inakudanganya

Sasa unaweza kuona kinachotokea kwa anayetumia kipimo cha SOD. Saitokromu c mikromola 10 ina nguvu ya kukamata ya 2.6 kwa sekunde. SOR mikromola 0.1 tu ina 100. Superoksaidi yote inaenda kwa SOR, na kwa mtiririko wa kawaida wa kipimo hicho, mikromola 1.2 kwa dakika, SOR hiyo inaishiwa elektroni ndani ya sekunde tano. Utaona ucheleweshaji mfupi, kisha kasi inarudi. Hiyo ni SOR iliyomaliza akiba yake.

Tatizo ni kwamba volteji ya saitokromu c iko karibu na milivolti +260, jirani kabisa na Kituo II. Saitokromu c iliyokwisha kupokea elektroni inaweza kuirudishia SOR, SOR ikaipa superoksaidi nyingine, na 550 ikabaki chini muda mrefu. Kwa macho inafanana na SOD kabisa. Kwa hiyo kwenye mwongozo huu saitokromu c haikai kuveti moja na SOR. Inapima mtiririko, inatoka.

## Hatua ya 6: Unganisha mnyororo wa elektroni

Hatua ya 4 inaonyesha kwamba SOR inatoa elektroni mara moja. Kuonyesha kwamba inazunguka, lazima uilishe.

Mnyororo ni huu: NADPH inaipa FNR, FNR inaipa rubredoksini, rubredoksini inaipa SOR, SOR inaipa superoksaidi. FNR ya mchicha haitoki kwa bakteria aliyetoa SOR, lakini inaijaza rubredoksini vizuri na inapatikana kirahisi kuliko kimeng'enya chake cha asili.

Weka NADPH mikromola 150, FNR mikromola 1, rubredoksini mikromola 1, katalesi na zanthini kama awali. Oksidesi iwe maradufu ya hatua ya 3, upate mikromola 10 za superoksaidi kwa dakika. Soma 340 kwa dakika mbili bila SOR, kisha ongeza SOR mikromola 0.5.

NADPH moja ina elektroni mbili, kwa hiyo inatosha superoksaidi mbili. Mtiririko wa 10 unapaswa kula NADPH 5 kwa dakika. Mgawo wa NADPH ni 6.22, hivyo 340 inashuka kwa 0.031 kwa dakika, juu ya ule mshuko wa mwanzo uliousoma bila SOR. Mshuko wa mwanzo hauepukiki: FNR na rubredoksini huvujisha elektroni kwa oksijeni.

Dalili ya mafanikio: ukiongeza SOR kutoka 0.5 hadi 1, kasi haibadiliki. Superoksaidi yote tayari inakamatwa. Kikomo ni oksidesi, si SOR. Kasi ikizidi 0.031, kuna anayekula NADPH pembeni. Mtuhumiwa wa kwanza ni SOR isiyo safi, wa pili ni FNR iliyozidishwa. Usibadilishe NADPH kwa NADH kwa sababu ya bei, maana zanthini oksidesi yenyewe inaweza kuila NADH.

Soma dakika tano za mwanzo tu. Kwa mtiririko huu oksidesi inakula oksijeni ya kuveti haraka, na baada ya hapo superoksaidi inapungua bila kosa la SOR.

Malizia kwa SOD mikromola 5. Safari hii SOR ni 0.5 tu, yaani nguvu ya 500 kwa sekunde dhidi ya 10,000 za SOD, na mshuko wa 340 unapaswa kurudi karibu na ule wa mwanzo.